Moshi Ule Ulikuwa Udi, na Behewa la Mvuke Haliwezi Kuokoa Kisumu

Leo sina video. Leo nimekaa chini nikaandika, kwa sababu kuna kitu nilisema mbele ya watu wengi na lazima nikirudishe mbele ya watu walewale.

Mnaikumbuka ile video ya treni ndogo? Ile ya sekunde 52, behewa jekundu linapita juu ya reli nyuma ya nyumba yetu hapa Nyalenda, bomba linatoa moshi, na sauti yangu inasema: "Kisumu ikipata kumi za hizi, shida ya usafiri imeisha." Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Imezunguka kwa vikundi vya WhatsApp vya watu nisiowajua. Shangazi yangu wa Homa Bay alitumiwa na mtu wa kanisa lake, naye akanitumia mimi, ati nione "kijana mmoja wa Kisumu mwenye akili". Hakujua ni mimi.

Sasa ukweli. Ule moshi ulikuwa udi. Vijiti viwili vya udi, vile vya kufukuza harufu nyumbani, nimevichomeka ndani ya bomba. Magurudumu yanazungushwa na mota niliyotoa kwa printa mbovu. Hakuna boila, hakuna mvuke, hakuna moto wowote mle ndani.

Hiyo peke yake ningeiita sanaa na nilale vizuri. Kinachoninyima usingizi ni ile sentensi. Kwa sababu haikuwa kweli, na watu wameanza kuitumia.

Wiki iliyopita mbogi fulani ya vijana wa mtaa walinionyesha barua wanayoandaa kupeleka kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu usafiri. Vijana wa maana kabisa, wamejitolea, hakuna anayewalipa. Ukurasa wa pili kuna picha ya modeli yangu, na chini yake wameandika kwamba teknolojia hii "imejaribiwa na kijana wa hapa na inafanya kazi". Manze, nilihisi tumbo linageuka. Imejaribiwa wapi? Kwa reli ya mita sita, ikibeba hewa?

Kwa hivyo nisikilizeni. Mimi bado nataka treni Kisumu. Lakini sitaki mtu aombe pesa ya umma kwa sababu ya udi wangu.

Kwanza, hicho kitu ni nini

Treni ya kawaida ina vitu viwili: injini mbele, mabehewa nyuma. Behewa la mvuke lilikuja pale mtu aliposema, mbona nigharamie viwili? Chukua behewa moja, tenga chumba kidogo upande mmoja, weka humo boila ndogo na silinda mbili, abiria wakae sehemu iliyobaki. Kila kitu ndani ya boksi moja. Likifika mwisho wa njia, dereva anatembea hadi upande wa pili na kurudi alikotoka. Hakuna kuifungua injini, hakuna kuizungusha.

Si wazo la kijinga. Kule Uingereza, kampuni ya reli ya Great Western ilianza nalo Oktoba 1903, kwenye bonde moja la Gloucestershire kati ya Chalford na Stonehouse. Mabasi na tramu zilikuwa zimeanza kuwanyang'anya abiria, kwa hivyo wakataka kitu chepesi kinachoweza kusimama kila mahali, hata penye hakuna jukwaa. Kufikia 1908 walikuwa wameunda 99. Na ni vitu vizuri, sitadanganya. Mimi nilipenda picha zake nikiwa mwaka wa pili chuoni, nikisomea uhandisi wa mitambo, kabla karo haijanishinda nikarudi nyumbani. Nasema hivyo si ili unionee huruma. Kuna mtu atauliza "wewe ni nani wa kuongea kuhusu boila", na ana haki ya kuuliza. Mimi ni mtu aliyesoma nusu, na hii nusu ndiyo ilinifanya nione aibu.

Modeli yenyewe niliiunda hivi. Reli yetu ya zamani, ile iliyoanza Mombasa 1896 na kufika hapa Desemba 1901 wakati mahali hapa pakiitwa Port Florence, ina upana wa milimita 1,000. Nikachagua kipimo cha moja kwa ishirini. Reli yangu ikawa na upana wa milimita 50, na behewa la mita 18 likawa sentimita 90. Ukuta ni mabati ya makopo ya mafuta ya kupikia niliyoyanyoosha kwa nyundo. Viti ni mbao za kreti ya nyanya.

Na nilitaka boila ya kweli. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma pale Kibuye, nikamwonyesha mchoro. Akaniangalia, akasema: "Kijana, boila si sufuria. Hii ikipasuka haimwagi supu." Akakataa kazi, akakataa na pesa. Mungu ambariki. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka karibu mara 1,700, na mvuke uliofungwa vibaya unaua. Ndipo nikarudi nyumbani na vijiti vya udi.

Maswali matatu ya Jaduong'

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi ya fayamani kwenye reli miaka ya sabini, siku za mwisho za injini za mvuke. Mtaani sote tunamwita Jaduong'. Video ilipovuma, mjukuu wake alimwonyesha kwa simu, naye akatuma niitwe.

Nikaenda na modeli chini ya kwapa, nikitarajia sifa. Nikamsalimu, akaniambia niketi. Akaigeuza ile modeli, akagusa magurudumu, akanusa bomba. Akacheka kidogo. Alijua.

"Nyakwara, mikono yako ni mizuri. Sasa niambie. Injini ikiugua, viti vinalala wapi?"

Sikuelewa.

"Siku ya soko Luanda, unaongeza nini?"

Nikanyamaza.

"Na saa tisa usiku, ni nani anawasha moto?"

Nilienda nyumbani bila jibu hata moja. Nilikaa siku kadhaa nikisoma, na kila nilipofungua historia ya haya mabehewa nilikuta maswali yaleyale. Mzee hakuwahi kusoma habari za Great Western. Alikuwa ameishi tu na boila.

Injini ikiugua, viti vinalala wapi?

Panda tuktuk kutoka Kondele uende mjini. Injini ikizima njiani, wote mnashuka. Viti ni vizima, paa ni zima, redio inaimba, lakini hakuna mahali mnaenda. Kiti na injini ni mwili mmoja.

Sasa nenda upande wa Chemelil na Muhoroni wakati wa miwa. Trekta likiharibika na trela limejaa, wanaleta trekta lingine, wanafunga pini, safari inaendelea. Trela halikuwa mgonjwa.

Behewa la mvuke ni tuktuk. Na boila ni kitu kinachougua kwa ratiba. Maji yana uchafu na chokaa. Yakichemka kila siku, ule uchafu unaganda ndani kama ule unaouona kwenye birika la zamani. Kwa hivyo kila baada ya muda lazima uzime moto, usubiri boila ipoe, ufungue vizibo, uoshe kwa mpira wa maji yenye nguvu, ukague, ufunge, uwashe tena. Hiyo si kuharibika. Hiyo ni maisha yake ya kawaida. Na siku hiyo yote, viti hamsini au sitini vimekaa ndani ya karakana bila kazi.

Tena karakana ya mvuke si mahali pa viti. Ni grisi, masizi na maji machafu. Great Western walilalamikia kitu hichohicho: behewa la abiria, lenye viti vya kitambaa, linaingia kulala mahali pamoja na injini nyeusi, asubuhi linatoka likiwa na rangi ya karakana. Jaduong' aliniambia nguo yake ya kazi mama watoto alikuwa haruhusu iingie ndani ya nyumba. Sasa fikiria kiti.

Siku ya soko, unaongeza nini?

Hapa nilipiga hesabu mwenyewe. Chukua behewa la tani 40. Tuseme linapanda kutoka Kisumu kwenda Maseno kwenye ile reli ya Butere. Maseno iko juu ya Kisumu kwa zaidi ya mita 300, unaijua ukipanda matatu na masikio yanaziba. Tuseme kuna sehemu reli inapanda mita 2 kwa kila mita 100. Kulishikilia tu hilo behewa lisirudi nyuma unahitaji nguvu ya kuinua kilo 800. Kulipandisha kwa kilomita 40 kwa saa unahitaji kama nguvu farasi 117, na hapo sijahesabu msuguano wala upepo. Sasa ongeza watu 80, hao ni tani tano nyingine.

Boila ndogo iliyobanwa kwenye kona ya behewa inaweza kufika hapo, lakini inafika ikihema. Na sasa ni siku ya soko. Watu ni mara mbili, wana magunia, wana kuku, wana ndoo za omena. Kwa treni ya kawaida unafunga behewa lingine nyuma, na injini ikishindwa unaleta kubwa zaidi. Kwa behewa la mvuke huna cha kufanya. Injini ni ile iliyo ndani. Ukitaka boila kubwa, itakula viti, na ukikula viti umepoteza sababu ya kuwa na behewa.

Hiki ndicho kilichowaua kule Uingereza, na kinauma kwa sababu walikufa kwa kufaulu. Lile behewa lilivutia abiria. Abiria wakaongezeka. Wakafunga behewa la pili nyuma, injini ikashindwa kwenye milima. Mwishowe kampuni ikarudi kwa injini ndogo ya kawaida iliyofungwa kwa mabehewa, ila wakaweka mitambo ya kumwezesha dereva kuiendesha akiwa upande wa pili wa treni. Yaani waliweka faida ya behewa la mvuke, wakatupa ndoa ya injini na viti. Mengi ya yale 99 yalitolewa injini yakawa mabehewa ya kuvutwa. La mwisho lilistaafu 1935. Moja, namba 93 la mwaka 1908, lilirudishiwa mvuke 2011 na wapenzi wa treni pale Didcot, na ni lazima waliunde upya injini yake, kwa sababu ile ya zamani haikuwepo tena.

Saa tisa usiku, ni nani anawasha moto?

Gari unawasha kwa ufunguo. Boila unaiamsha kwa masaa. Treni ikiondoka saa kumi na mbili asubuhi, kuna mtu aliyekuwa hapo usiku akipasha chuma pole pole, kwa sababu ukiharakisha, chuma kinatanuka vibaya na viungo vinaanza kuvuja. Mtu huyo analipwa. Abiria wawe 100 au wawe wanne, moto unawashwa.

Halafu njiani wanahitajika wawili, dereva na fayamani. Behewa likienda kinyumenyume, dereva yuko upande mmoja, fayamani amebaki peke yake na boila upande wa pili, wanaongea kwa kengele. Lengo la hili behewa lilikuwa kupunguza gharama kwenye njia zenye abiria wachache, lakini watu wa kulipa mshahara ni walewale.

Na moto unakula. Mwanzoni reli hii ilikula kuni. Ile mikaratusi unayoiona kila kilima ilianza kuletwa Kenya 1902 ili kupata kuni za injini. Baadaye wakahamia mafuta mazito. Jaduong' alikuja kazini wakati wa mafuta, na anasema masizi yalijaa kwenye mirija ya boila hadi walikuwa wanatupa mchanga kwa beleshi ndani ya moto, mvuto wa hewa unaubeba, unasugua mirija, na moshi mweusi unatoka juu kama dunia inaisha. "Sasa hiyo unataka kuifanya," akaniuliza, "na mama mwenye mtoto ameketi nyuma ya ukuta?"

Ongeza joto. Hapa ni Kisumu, bana. Saa nane mchana hata kivuli kinatafuta kivuli. Wewe unataka kumweka abiria ndani ya boksi la chuma ambalo upande mmoja ni tanuri.

Kwa nini modeli ilinidanganya

Hapa ndipo nilijifunza zaidi, na ndipo ningependa kila mtu anayetengeneza modeli, ya treni, ya nyumba, ya daraja, asimame kidogo.

Ukipunguza kitu mara ishirini, urefu unapungua mara 20. Lakini eneo linapungua mara 400, na ujazo na uzito vinapungua mara 8,000. Havishuki pamoja. Behewa la tani 40 kwa kipimo changu lingekuwa na uzito wa kilo 5 peke yake. Tangi la maji la lita 2,000 linakuwa robo lita. Kikombe cha chai! Kwa hivyo kitu kidogo kinaonekana na nguvu kuliko kilivyo. Mabati ya kopo yanabeba mwili wa modeli bila kupinda. Mota ya printa inaivuta kama mchezo. Ndiyo maana siafu anabeba mzigo mkubwa kuliko yeye na ndovu hawezi.

Na vile vitu vilivyoua behewa la kweli havipo kabisa kwenye modeli. Modeli haina chokaa. Haina siku ya soko. Haina mtu wa zamu ya usiku. Haina mlima, kwa sababu niliipima kwa kiwango cha maji ili isianguke. Modeli yangu ilikuwa sahihi kwa kila kipimo nilichopima, na niliacha kupima yale ya maana.

Wacha niwe na haki

Mvuke haukuisha pale 1935, na nisipotaja hili mtasema nimechagua hadithi. Kulikuwa na Sentinel wa Shrewsbury, waliokuwa wakitengeneza malori ya mvuke. Wao walikuja na boila ndogo ya kusimama wima, injini yenye kasi, na mnyororo wa kuendesha magurudumu. Reli ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, LNER, ilinunua takriban 80 miaka ya 1920 na 1930. Misri nayo ilipata ya aina hiyo, ya sehemu tatu zilizounganishwa, na moja iliyoundwa 1951, namba 5208, ilirudishwa Uingereza na iko kwenye makumbusho ya reli ya Buckinghamshire. Kwa hivyo wahandisi wazuri walihangaika na hili wazo kwa karibu miaka hamsini. Walipunguza matatizo. Hawakuyamaliza. Na dizeli ilipokomaa, hakuna aliyerudi nyuma.

Kwetu nyumbani, shida ilikuwa milima na mizigo, na reli ilijibu kwa njia tofauti kabisa. Kutoka ziwani hadi Mau Summit treni inapanda kutoka mita 1,134 hadi zaidi ya mita 2,500. Badala ya kubana injini ndani ya behewa, kuanzia 1926 walileta Garratt, injini ndefu inayojikunja kwenye kona, boila moja kubwa katikati ya seti mbili za magurudumu. Zile za mwisho, daraja la 59, zilikuwa 34, ziliundwa Manchester 1955 na 1956, kila moja tani 252, na zilipewa majina ya milima. Zilipiga kazi hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Nenda makumbusho ya reli Nairobi usimame kando ya "Mount Gelai". Utaelewa haraka kwamba hakuna mtu aliyefikiria kuweka viti ndani ya kitu kama hicho.

Sasa, ya leo

Mabehewa yenye injini ndani hayajafa. Yale ya dizeli yako Kenya. Mwaka 2020 Shirika la Reli lilileta mabehewa ya aina hiyo yaliyokwisha kutumika, kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, kwa usafiri wa Nairobi. Na nimesikia wasee wakisema: basi si tulete hayo Kisumu, yapige Kibos, Maseno, Luanda, Yala hadi Butere?

Sipingi. Dizeli inajibu maswali ya Jaduong' vizuri zaidi. Saa tisa usiku hakuna anayewasha moto; injini inawaka kwa kubonyeza. Siku ya soko unaunganisha seti mbili na dereva mmoja anaziendesha. Lakini swali la kwanza bado liko palepale, miaka 120 baadaye. Injini iko chini ya viti. Ikiugua, viti vinalala. Kwa hivyo kabla ya kuuliza "lini yanakuja" na "rangi gani", uliza karakana itakuwa wapi. Ni Kisumu, au kila likikohoa litavutwa hadi Nairobi? Vipuri viko kwa rafu gani? Yako mangapi ya akiba? Nani anafundishwa kuyatengeneza, na je, ni kijana wa Manyatta au mtu wa kupaa na ndege?

Ukijibu hayo, hata mimi nitabeba bango. Usipojibu, umenunua modeli kubwa.

Najua kuna mtu ameshakasirika. Najua komenti yako: "Acha kutuvunja moyo, kila kitu kizuri kilianza na ndoto." Nimeisikia hata kwa rafiki yangu wa karibu, na alikuwa na hoja. Alisema bila ile video hakuna kijana angeandika barua yoyote. Labda ni kweli. Lakini angalia kitakachotokea: barua inaingia kikaoni, mhandisi mmoja wa kweli anaisoma, anafika ukurasa wa pili, anaona udi. Hatasoma ukurasa wa tatu. Na ukurasa wa tatu ndio uliokuwa na mambo ya maana: nauli, wanafunzi wa Maseno wanaochelewa, akina mama wa samaki wanaolipia kiti cha pili kwa ajili ya ndoo. Uongo wangu mdogo ungezika ukweli wao mkubwa. Vijana wetu hawakosi ndoto. Wanakosa kuchukuliwa kwa uzito, na mimi nilikuwa karibu kuwapunguzia hata ule kidogo walio nao.

Kwa hivyo nimefanya mambo matatu. Nimewaomba ile mbogi watoe picha yangu, na pale mahali pake waweke maswali matatu ya Jaduong' kama yalivyo. Wamekubali, ingawa mmoja bado haniongeleshi. Video sijaifuta, kwa sababu kufuta ni kujificha. Nimeandika juu yake kwamba moshi ni udi na sentensi ya mwisho si kweli. Ilikuwa inaniletea doh kidogo kila mwezi, na sasa watu wanaifungua, wanasoma, wanaondoka. Sawa.

Na jambo la tatu. Jumamosi nilichukua msumeno wa chuma nikaikata modeli mara mbili. Jaduong' alikuwa ameketi kwa kiti chake akinielekeza wapi pa kukata. Sasa nina injini fupi mbaya ya sentimita 30 na behewa la sentimita 60, na katikati ndoano niliyoikunja kwa msumari. Si nzuri kwa picha. Lakini jana mota ya printa iliungua, nikafunga nyingine kwenye injini, na muda huo wote behewa lilikuwa limekaa mezani likiwa zima, tayari kuvutwa.

Nilimpelekea Jaduong' aone. Akasema "ee, sasa umeanza." Ati nimeanza.

Kama una babu, shangazi au jirani aliyefanya kazi reli, bandarini au kwenye meli za ziwa, muulize leo swali moja: ni nini kilikuwa kinaharibika kila wiki? Niandikie jibu hapo chini. Hayo ndiyo nataka tupeleke kwenye kikao.